Mwanga Unaopima Ardhi Bila Kudhuru Macho



Kila masika wakazi wa bonde la Kyela huishi wakiitazama mito. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani, kisha hufika kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa na kupoteza mwendo. Mvua ya ukanda huu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yakikosa njia ya kwenda ziwani hutanda mashambani, yakaingia visimani, vyooni na majumbani. Mpunga huyahitaji maji kwa kiasi chake, lakini nyumba, zahanati na darasa haviyahitaji hata kidogo.

Kwa sababu hiyo, kila kamati inayopanga kujenga bondeni hukutana na swali lile lile: mahali hapa ni pa juu kuliko pale, au ni pa chini? Kwa macho ni vigumu kujua, kwa kuwa tambarare yote inaonekana sawa. Katika toleo hili tunapenda kueleza njia moja ya kulijibu swali hilo, yaani kupima ardhi kwa mwanga wa leza kutoka angani. Aidha, tunaeleza kwa nini baadhi ya leza hizo zinaitwa salama kwa macho, usalama huo unatoka wapi, na unaishia wapi. Makala haya si tangazo la mradi. Tunaandika ili siku kamati itakapofuatwa na mpimaji, au mfadhili atakapoombwa kuchangia upimaji wa aina hii, pande zote mbili ziwe na maneno ya kuulizia.

Kwa nini sentimita zina maana bondeni

Uso wa Ziwa Nyasa upo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Rungwe kipo karibu mita 2,960. Kati ya viwili hivyo ardhi huteremka sana, lakini sehemu kubwa ya mteremko huo humalizika kabla ya kufika kwenye mashamba ya mpunga. Baada ya hapo ardhi hushuka polepole mno.

Tuchukue mfano. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila kilomita 1, maji yakipanda nusu mita tu husogea mbele nusu kilomita. Nusu mita ni kimo cha goti. Nusu kilomita inaweza kuwa kitongoji kizima. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua ni nyumba zipi zitakazofikiwa na maji anahitaji ramani ya vimo ambayo kosa lake ni dogo kuliko goti.

Ramani nyingi za vimo zinazopatikana bure kwa nchi zetu hazifikii kiwango hicho. Ile inayotumika sana ilitokana na safari ya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mwezi Februari 2000, kilichopima sehemu kubwa ya dunia kwa rada katika siku 11. Ni kazi kubwa iliyosaidia watu wengi. Hata hivyo kosa lake katika kimo linaweza kufikia mita kadhaa, na mara nyingi rada hiyo ilipima juu ya majani ya miti badala ya udongo. Penye migomba, mikakao na michikichi, ramani ya namna hiyo inaweza kuonyesha kilima mahali ambapo pana bonde lenye kivuli. Ramani hiyo inafaa kupanga barabara ya kupanda Tukuyu, ila haiwezi kuamua sakafu ya zahanati ya bondeni iwe na kimo gani.

Leza inapima namna gani

Mtu akipiga kelele akiwa ndani ya mtumbwi mkabala na milima ya Livingstone, upande wa Matema na Ikombe, sauti yake hurudi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, ina maana sauti ilitumia sekunde 1 kwenda na sekunde 1 kurudi, basi mwamba upo umbali wa mita 340. Leza ya kupimia hufanya hivyo hivyo, ila badala ya sauti hutuma mwanga.

Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndege ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi, mwanga huenda na kurudi katika muda usiofika sehemu 7 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Saa iliyo ndani ya chombo inapaswa kugawa muda hata kufikia nanosekunde, yaani sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Katika nanosekunde 1 mwanga husafiri sentimita 30, na kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi, nanosekunde hiyo ni sawa na umbali wa sentimita 15.

Ndiyo maana leza hizi hazimulikii mfululizo kama taa ya mkononi. Hutoa mipigo mifupi sana, mara nyingi ya nanosekunde chache tu, na baadhi ya vyombo hutoa mipigo zaidi ya laki moja kwa sekunde. Kioo kinachocheza huielekeza mipigo hiyo kushoto na kulia huku ndege ikisonga mbele, na vipokezi vya setilaiti huandika ndege ilikuwa wapi kwa kila mpigo. Ukijua ndege ilikuwa wapi, mwanga ulielekezwa wapi na ulichukua muda gani, utakipata kimo cha kila doa lililopigwa. Kazi ikifanywa vizuri, kosa la kimo kwenye ardhi iliyo wazi huwa la sentimita 10 hadi 20.

Kuna faida nyingine muhimu kwa bonde lenye miti. Mpigo mmoja ukiangukia shamba la kakao, sehemu ya mwanga hugonga majani ya juu na kurudi mapema, sehemu nyingine hupita kwenye nafasi kati ya majani, hugonga udongo na kurudi baadaye. Chombo huandika marejeo yote. Kwa namna hiyo upimaji mmoja hutoa kimo cha mti na kimo cha ardhi iliyo chini yake.

Kiini kigumu na lango la mfereji

Leza ya kwanza duniani iliwashwa Marekani mwezi Mei 1960 na mwanafizikia Theodore Maiman. Kiini chake kilikuwa kijiti cha yakuti nyekundu iliyotengenezwa kiwandani. Tangu hapo leza ambazo kiini chake ni fuwele au kioo huitwa leza za kiini kigumu, ili zitofautishwe na zile zinazotumia gesi au kimiminika. Mwaka 1964 ilipatikana fuwele iitwayo YAG iliyotiwa chembe za neodimi, ambayo mpaka leo inatumika sana katika kupima kutoka mbali. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 1,064. Hauonekani kwa macho ya binadamu, kwa sababu umepita mwisho wa wekundu katika upinde wa mvua.

Wakulima wa mpunga wataelewa kwa urahisi jinsi mpigo unavyopatikana. Mtu akiacha lango la mfereji wazi, maji hupita kidogo kidogo siku nzima. Akilifunga, maji hujaa nyuma yake, na siku akilifungua ghafla yote hutoka kwa mkupuo. Ndani ya leza, taa kali au leza ndogo hujaza nguvu kwenye fuwele huku lango la mwanga likiwa limefungwa. Lango likifunguliwa ghafla, nguvu yote hutoka kwa nanosekunde chache.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Mpigo wa milijuli 10 una nishati inayotosha kukiinua kitu cha gramu 1 kwa kimo cha mita 1 tu. Lakini kwa kuwa hutoka katika nanosekunde 10, kwa kitambo hicho kifupi nguvu yake hufikia wati milioni 1. Hapo ndipo suala la macho linapoanza.

Je, mwanga huo unaweza kutupofusha?

Hili ndilo swali la kwanza linaloulizwa na wananchi, na ni swali la haki. Tunalijibu kwa ukamilifu.

Jicho limeumbwa kukusanya mwanga. Sehemu ya mbele iliyo wazi, yaani konea, pamoja na lenzi iliyo nyuma ya mboni, huukusanya mwanga na kuuweka kama nukta ndogo kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Mwanga wa leza ukiingia kwenye mboni iliyofunguka, jicho huweza kuufanya uwe mkali takriban mara laki moja unapofika kwenye retina. Sehemu ya retina iliyoungua haioti tena.

Mwanga wa nanomita 1,064 ni wa hatari kwa namna mbili. Kwanza, zaidi ya nusu yake hupita katika maji yaliyomo ndani ya jicho na kufika kwenye retina. Pili, hauonekani, hivyo mtu hageuzi uso wala kufumba. Na hata angeuona, mpigo wa nanosekunde 10 umekwisha kupita zamani kabla kope halijasogea.

Wanasayansi waliitatua shida hiyo kwa kubadilisha rangi ya mwanga. Mwanga wa karibu nanomita 1,550, ambao nao hauonekani, hunyonywa sana na maji. Ukiingia kwenye maji, kila milimita 1 huacha takriban theluthi moja tu ya kilichoingia. Baada ya milimita 5 hakibaki hata asilimia 1. Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na limejaa maji. Basi mwanga huo hufyonzwa mbele ya jicho na hauifikii retina. Nguvu yake pia husambaa kwenye eneo pana la konea badala ya kukusanywa kwenye nukta. Ndiyo maana, kwa mpigo mmoja mfupi, viwango vya kimataifa vinaruhusu jicho lipokee mwanga wa rangi hii kwa kiasi kinachozidi kile cha nanomita 1,064 zaidi ya mara laki moja.

Mwanga wa aina hiyo hupatikana kwa njia mbili hasa. Njia ya kwanza ni kutumia kioo au nyuzi za kioo zilizotiwa chembe za erbi, ambazo hutoa rangi hiyo zenyewe. Njia ya pili ni kuchukua leza ya neodimi na kuupitisha mwanga wake katika fuwele maalumu au gesi inayougeuza, ukatoka ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 1,500 na kitu. Njia zote mbili zina gharama kuliko leza ya neodimi pekee, na sehemu ya nguvu hupotea. Usalama, kama mambo mengine mema, una bei yake.

Tunasisitiza jambo moja. Kusema leza ni salama kwa macho hakumaanishi kwamba haiwezi kudhuru kwa namna yoyote. Mwanga wa nanomita 1,550 ukiwa na nguvu kubwa na mtu akiwa karibu na chombo, konea inaweza kuungua. Usalama hutegemea mambo manne kwa pamoja: rangi ya mwanga, kiasi cha nguvu, idadi ya mipigo, na umbali wa mtu. Kwa sababu hiyo kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60825-1 kinazipanga leza zote katika madaraja, kuanzia Daraja la 1, ambalo ni salama katika matumizi ya kawaida, hadi Daraja la 4, ambalo linaweza kudhuru hata kwa mwanga uliorudishwa na kitu kingine.

Maji yanayolinda ndiyo yanayoficha

Mwanga wa nanomita 1,550 hautudhuru kwa sababu maji huufyonza. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanga huo hauwezi kuona chini ya maji. Mpimaji akiahidi kwamba leza yake ni salama kwa macho kwa kuwa inatumia rangi hiyo, na papo hapo akaahidi kupima sakafu ya ziwa au kina cha mto kwa leza hiyo hiyo, kamati imwombe aeleze vizuri zaidi. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja.

Kupima chini ya maji hutumika mwanga wa kijani wa nanomita 532, unaopatikana kwa kuukata nusu urefu wa wimbi wa leza ya neodimi. Mwanga wa kijani hupita kwenye maji maangavu, lakini hupita pia kwenye jicho hadi retina. Unaweza kutumiwa kwa usalama, ila usalama wake hutokana na kuruka juu vya kutosha na kuupanua mwanga ili usambae kabla ya kufika chini. Tena unahitaji maji meupe. Maji ya Songwe wakati wa masika, yakiwa yamebeba udongo, huuzuia mwanga wa kijani karibu na uso.

Kuna mipaka mingine. Mawingu mazito na ukungu huzuia leza za rangi zote hizi, hivyo ndege husubiri anga safi. Udongo uliolowa na madimbwi hurudisha kidogo sana mwanga wa nanomita 1,550. Kwa bonde letu maana yake ni kwamba kazi ifanyike kiangazi, wakati mashamba yamekauka na mpunga umevunwa. Ajabu ni kwamba ramani ya mafuriko hutengenezwa vizuri zaidi wakati hakuna mafuriko.

Yaliyokwisha kufanyika nchini kwetu

Upimaji wa leza si mgeni Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 misitu ya hifadhi ya Amani katika Usambara Mashariki, pamoja na miombo ya wilaya ya Liwale, ilipimwa kwa leza kutoka kwenye ndege, katika utafiti uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Norway. Lengo lilikuwa kukadiria wingi wa miti na kaboni iliyomo. Watafiti walipima pia miti kwa mikono katika maeneo madogo ardhini, kisha wakalinganisha. Bila vipimo vya ardhini, namba za angani zisingekuwa na mahali pa kusimamia.

Mfano mwingine unatoka Lupiro, katika bonde la Kilombero. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund cha Sweden pamoja na Taasisi ya Afya ya Ifakara walielekeza mwanga wa leza kando ya kijiji kwa urefu wa nusu kilomita ili kuhesabu wadudu wanaoruka, wakiwemo mbu. Leza yao haikuwa ya mipigo, ni ndugu wa hizi tunazozieleza. Kwa usiku 5 na mchana 4 walipata kumbukumbu za wadudu karibu theluthi moja ya milioni. Kazi hiyo iliangukia Septemba 1, 2016, siku ya kupatwa kwa jua, ambayo watu wa mkoa wa Mbeya wanaikumbuka kwa jinsi umati ulivyokwenda Rujewa kutazama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mbu waliongezeka hewani jua lilipofifia. Kwa wanaopambana na malaria hiyo ni habari ya maana, kwa kuwa inaonyesha mbu hufuata mwanga wa siku na si saa ya mwili peke yake.

Siku ile ya Rujewa wananchi walitahadharishwa wasilitazame jua bila miwani maalumu. Sababu ni ile ile tuliyoieleza hapo juu, kwamba jicho hukusanya mwanga kwenye nukta moja ya retina.

Kutoka angani kabisa, vyombo viwili vya Marekani vinastahili kutajwa. Setilaiti ICESat-2, iliyorushwa Septemba 2018, hutuma mipigo 10,000 ya mwanga wa kijani kila sekunde ikiwa umbali wa karibu kilomita 500, na hupima vimo vya barafu, ardhi na pia maziwa ambayo njia zake huyavuka. Chombo cha GEDI kilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Desemba 2018 kupima misitu, kikasimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa kazini mwaka 2024. Leza zake ni za neodimi, za nanomita 1,064, ile rangi isiyo salama. Lakini mpigo wake ukifika ardhini umesambaa kwenye duara la mita 25, na nguvu yake kwa kila jicho imekuwa ndogo mno. Mfano huu unaonyesha kwamba usalama haumo katika rangi peke yake.

Takwimu za vyombo hivyo viwili hutolewa bure. Hata hivyo hupima kwa mistari na madoa yaliyoachana, hivyo haziwezi peke yake kuchora kila tuta na kila mfereji wa Kyela.

Maswali ya kamati kwa mpimaji

Kamati haihitaji mtaalamu wa fizikia ili kuulinda umma. Tunashauri maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

1. Leza ina urefu wa wimbi gani, na ipo katika daraja gani? Cheti kionyeshwe.

2. Ni kimo gani cha chini kabisa ambacho mwanga ni salama kwa mtu aliyesimama ardhini, na ndege au droni itaruka juu ya kimo hicho kwa kiasi gani?

3. Je, ni salama pia kwa mtu anayetazama kwa darubini? Baadhi ya leza ni salama kwa jicho tupu lakini si kwa darubini, kwa kuwa darubini hukusanya mwanga mwingi zaidi.

4. Vibali vipo? Droni na ndege zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa maeneo yanayopakana na Malawi kando ya Songwe, mipaka ya safari ijulikane mapema.

5. Vimo vitahakikiwa vipi ardhini, na kwa alama zipi?

6. Ramani zitabaki wapi? Nakala ibaki halmashauri ya wilaya na kwenye vijiji vilivyopimwa, kwa namna ambayo wananchi wanaweza kuisoma.

7. Wananchi wataarifiwa lini? Tangazo litolewe mapema kwa wenyeviti wa vijiji, makanisani, misikitini na siku ya soko. Chombo kinachopita juu ya nyumba za watu bila maelezo huzaa uvumi, na uvumi ukishaenea hausimamishwi na cheti.

Kwa ndugu zetu wafadhili

Tunawaomba msivutwe na jina la chombo. Kama shida ni kujua sakafu ya zahanati moja iinuliwe kiasi gani, mpima ardhi mwenye darubini yake na fimbo ya kupimia ataimaliza kazi hiyo, na kwa usahihi unaozidi wa leza ya ndege. Leza ina maana pale ambapo eneo ni pana, kwa mfano tambarare nzima kati ya Songwe na Mbaka, ambako kuongeza tuta upande mmoja kunaweza kuyasukuma maji kwa jirani wa upande wa pili. Katika bonde la Songwe, ambako mto unaotenganisha nchi mbili huhama njia yake, jirani huyo anaweza kuwa raia wa nchi nyingine. Tuta la parokia moja halipaswi kuwa mafuriko ya parokia nyingine, na ramani nzuri ya eneo zima husaidia kuliona hilo kabla ya kuchimba.

Tahadhari ya sokoni

Hatari ya leza iliyo karibu zaidi na watoto wetu haitoki kwenye ndege. Ipo mitaani, katika zile kalamu za mwanga wa kijani zinazouzwa kama vitu vya kuchezea. Nyingi ya hizo ni leza za kiini kigumu kwa kweli, za jamii ile ile ya neodimi, na mwanga wake hufika kwenye retina. Zilizotengenezwa ovyo huvujisha pia mwanga usioonekana pamoja na ule wa kijani, na maandishi yaliyobandikwa juu yake hayaaminiki. Tunawaomba walimu, wazazi na viongozi wa vijana wasiwaruhusu watoto kumulikana usoni.

Kazi inayoweza kuanza sasa

Ramani ya leza husema ardhi ina kimo gani. Haisemi maji yalifika wapi mwaka fulani, kwa sababu siku hiyo haikuwepo. Wenye kumbukumbu hiyo ni wazee wetu. Wapo wanaojua maji yaliishia dirisha lipi la darasa na mwembe upi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zote za bondeni zianze na kazi isiyohitaji fedha nyingi. Kabla ya masika yajayo, wakusanyeni wazee, zungukeni nao kwenye majengo ya parokia, shule na zahanati, na kila mahali wanapokubaliana pigeni mstari wa rangi ukutani kuonyesha maji yalifika wapi, na mwaka uandikwe pembeni yake. Kila mafuriko yanapokuja, ongezeni mstari mpya. Siku mpimaji atakapokuja, awe na leza au awe na fimbo tu, atavipima vimo vya mistari hiyo na kuiunganisha na ramani yake. Hapo ndipo ramani itakapoweza kuonyesha nyumba zipi zipo chini ya mstari na zipi zipo juu.

Kamati zitakazokuwa zimekamilisha kazi hiyo zinaombwa kutupatia orodha ya majengo na miaka iliyoandikwa. Tunawatakia maandalizi mema ya masika.